Mtambo Haujiwashi Wenyewe



Kuna sentensi moja iliyozoeleka mno katika taarifa za ajali viwandani, na wakati umefika tuikatae. Sentensi yenyewe ni hii: "Mtambo ulijiwasha wenyewe." Msimamizi wa zamu huiandika, ofisi huipiga muhuri, watu wa bima huipokea, na kuanzia hapo fidia ya ndugu yetu aliyeumia huanza kupungua. Maana jambo lililotokea lenyewe halina mtu wa kuulizwa. Huhesabiwa kama radi, na aliyepigwa na radi hana wa kumshitaki.

Mtambo haujiwashi. Mota haina hasira, haina haraka, wala haimjui fundi aliye ndani yake. Ikianza kuzunguka, imeambiwa izunguke. Na kama ni waya uliochubuka, yupo aliyepaswa kuukagua. Kama ni umeme uliokatika ukarudi ghafla, yupo aliyeandika mpango wa mtambo akaacha agizo la "washa" likisubiri humo. Zamani aliyetoa agizo alikuwa mtu aliyesimama mbele ya mashine, mkono wake juu ya swichi, na zamu nzima ilimwona. Siku hizi agizo hupita katika waya mwembamba kutoka chumba kingine, na pengine kutoka nchi nyingine. Aliyesema haonekani, lakini amesema.

Nataka nieleze agizo hilo linavyosafiri, kwa maneno ambayo kila mtu wa zamu atayaelewa, kwa sababu hatuwezi kudai kitu tusichokijua. Wengi wetu tumeambiwa kwamba mambo ya ndani ya lile kabati la kijivu ni ya wahandisi peke yao. Si kweli. Nimeyafungua makabati hayo kwa miaka mingi, na mengi yaliyomo yanaweza kufundishwa kwa mtu aliyemaliza darasa la saba katika wiki mbili, akiwa na mwalimu mwenye subira.

Hadi miaka ya 1960 viwanda vikubwa viliendesha mitambo kwa rilei, yaani swichi ndogo zinazovutwa na sumaku ya umeme, mamia kwa mamia katika kabati moja. Kila kazi ilipobadilika ilibidi mafundi wafumue nyaya na kuzifunga upya. Mwaka 1968 kampuni ya magari ya General Motors huko Marekani ilitaka kitu kingine badala ya makabati hayo, na mwaka 1969 kikatoka kidhibiti cha kwanza cha Modicon, kilichoitwa 084. Dick Morley ni mmoja wa waliokibuni. Kidhibiti ni kompyuta ndogo isiyokuwa na kazi nyingine ila kusoma swichi na geji, kisha kuamua mota ipi iwashwe na vali ipi ifunguliwe. Siku hizi kidhibiti cha kikaushio cha chai hakizidi ukubwa wa mkate.

Ili kuzungumza na mashine za namna hiyo watu walitumia terminali. Kwanza zilikuwa taipu zinazogonga herufi kwenye karatasi, baadaye zikaja za kioo, kama ile VT100 ya kampuni ya Digital ya mwaka 1978, iliyoonyesha mistari 24 yenye herufi 80 kila mmoja. Herufi zilipita katika waya moja baada ya nyingine, kama watu wanaovuka mto kwenye gogo moja. Hiyo ndiyo maana ya kusema mawasiliano ya mfululizo. Terminali zenyewe zimekwenda majumba ya makumbusho, lakini njia ile ya gogo imebaki. Fundi wa kampuni akija leo na kompyuta yake ya mkononi, akachomeka waya kwenye kidhibiti, mara nyingi hufungua dirisha jeusi ambalo kazi yake ni kujifanya kuwa terminali ya mwaka 1978.

Lakini waya peke yake hautoshi, kama vile koo peke yake si lugha. Lazima pawe na mapatano: nani aanze kusema, namba ipi ina maana gani, nani ajibu na baada ya muda gani. Mapatano hayo huitwa itifaki. Zipo nyingi. Iliyoenea sana katika viwanda vya namna yetu ni Modbus, ambayo Modicon ilitoa mwaka 1979 kwa ajili ya vidhibiti vyake. Maelezo yake yalitolewa wazi na hayakudai malipo, kwa hiyo watengenezaji wa nchi nyingi wakaichukua. Ndiyo sababu boila kutoka nchi moja, inveta ya mota kutoka nchi ya pili na mita ya umeme kutoka ya tatu zinaweza kukutana kwenye waya mmoja zikasikilizana. Sisi tunaosoma kurasa hizi za Kiswahili tunaielewa hali hiyo kuliko wengi. Katika laini za wafanyakazi watu wa makabila kumi huishi pamoja, na hakuna aliyemlipa mwenzake kodi ili aseme "habari za asubuhi".

Sasa sikilizeni jinsi wenyewe walivyoviita vyombo vilivyo kwenye waya huo. Kile kinachoamuru walikiita bwana, na vile vinavyopokea amri wakaviita watumwa. Maneno hayo yalichapishwa katika vitabu vya mafundi kwa miaka 40, mpaka mwaka 2020 shirika linaloitunza Modbus lilipotangaza kuyaacha. Walifanya vyema kuyaacha. Ila mpango wa kazi haukubadilika hata kidogo: mmoja husema, wengine hungoja kuulizwa, hakuna chombo cha chini kinachoweza kufungua kinywa bila kuitwa. Bwana ana namba za kuita kuanzia 1 hadi 247. Na ipo namba sifuri, ambayo maana yake ni "ninyi nyote". Agizo likipelekwa kwa sifuri, vyombo vyote vinavyolipokea vinatii kwa mara moja na hakuna hata kimoja kinachojibu. Anayejua shamba lilivyokuwa wakati wa mnyapara na filimbi yake hana haja ya kuelezwa zaidi.

Agizo lenyewe ni fupi. Kuwasha mota kwa Modbus ya waya wa mfululizo kunahitaji namba nane tu. Ya kwanza inataja chombo kinachoitwa. Ya pili inataja kazi, mathalani "badilisha swichi moja". Ya tatu na ya nne zinataja ni swichi ipi. Ya tano na ya sita zinasema washa au zima: 255 na 0 ni washa, 0 na 0 ni zima. Mbili za mwisho ni hesabu ya kuhakiki, ili chombo kijue kama namba zimeharibika njiani. Kwa mwendo wa kawaida wa biti 9600 kwa sekunde, agizo zima hupita kwa muda usiofika sehemu moja ya mia ya sekunde.

Zitazameni tena namba hizo nane. Jina la aliyetuma liko wapi? Halipo. Saa ya kutuma? Haipo. Neno la siri la kuthibitisha kwamba mtumaji ana ruhusa? Halipo. Hesabu ya kuhakiki inakamata kelele za umeme. Haimkamati mtu asiyehusika. Chombo kikiona namba zimekaa sawasawa kinatii, awe amesema mhandisi mkuu, awe amesema mwanafunzi anayejaribu kompyuta yake, awe amesema adui. Waliobuni hawakuwa wajinga. Mwaka 1979 waya huo ulianza kwenye kabati na kuishia kwenye kabati, ndani ya ukuta wa kiwanda, na mtu aliyetaka kusema humo ilibidi kwanza apite kwa mlinzi wa lango. Waya wa RS-485, ambao ndio hutumika sana, una nyuzi mbili zilizosokotwa na hufika kama meta 1200. Ukuta wa kiwanda ndio uliokuwa kufuli. Baadaye wenye mali wakauunganisha waya huo na kompyuta za ofisini, kisha na intaneti, ili meneja asome hali ya boila akiwa nyumbani kwake. Ukuta ukaondoka. Namba zikabaki nane.

Nitatoa mfano wa kwetu. Katika kiwanda kimoja cha chai nilichofanyia kazi ya umeme, ambacho sitakitaja, mzee mmoja aliingia chini ya trei za kikaushio kukwangua manyoya ya chai yaliyoganda. Alifanya kama alivyofundishwa kwa miaka 20: alibonyeza kitufe chekundu cha mlangoni, akasikia feni inatulia, akaingia. Katika chumba cha ofisi kijana aliyeletwa na wauzaji alikuwa anajaribu skrini mpya. Aligusa picha ya feni. Feni ikaanza. Mzee alitoka akiwa hai, mkono umevunjika mahali pawili. Taarifa iliandikwa kwamba mtambo ulijiwasha wenyewe. Alilipiwa hospitali, lakini kwa mkono ule hakulipwa kitu, kwa kuwa ofisi ilisema hakuna uzembe wa mtu yeyote uliothibitika.

Kijana yule hakuwa mtu mbaya, na mimi simlaumu sana. Lililo muhimu ni kile kitufe chekundu. Mzee aliamini kwamba kinakata umeme, na zamani kilikata kweli. Mtambo ulipobadilishwa, kitufe kilibaki na rangi yake na mahali pake, lakini waya wake ulihamishwa ukapelekwa kwenye kidhibiti. Kikawa hakikati kitu. Kikawa kinaomba. Kinasema "tafadhali zima", kidhibiti kinazima, na agizo linalofuata la "washa" likija kutoka popote linatiiwa kama kawaida. Hakuna aliyemweleza mzee kwamba kitufe chake kimegeuzwa kuwa ombi.

Hili ndilo jambo ninalotaka kila mmoja alitoe humu hata kama mengine atayasahau. Kitufe cha kuzima si kufuli. Picha nyekundu kwenye skrini si kufuli. Kibao cha karatasi chenye maneno "watu wako kazini" si kufuli. Kufuli ni kile kipande cha chuma kinachofungwa kwenye swichi kuu ya mtambo, ile inayokata umeme wenyewe wa mota, na ufunguo wake uko mfukoni mwa mtu aliyeingia ndani. Wakiingia watatu, ziwe kufuli tatu. Hapo waya useme unavyotaka, namba nane zije mara elfu, mota haina umeme. Kanuni ya Marekani ya mwaka 1989 juu ya jambo hili inasema waziwazi kwamba vitufe na swichi za kuchagua havihesabiwi kuwa vyombo vya kutenga umeme. Kama nchi iliyobuni vidhibiti hivi haikiamini kitufe, mbona sisi tuambiwe tukiamini?

Watu wa wizara na wa makampuni hupenda kujibu kwamba hatari za waya ni hadithi za magazeti ya Ulaya. Basi tuzitazame hizo za Ulaya, kwa kuwa zina mafunzo ambayo wafanyakazi wa huko waliyalipia.

Tarehe 23 Desemba 2015, huko Ukraine, watu waliojipenyeza kwa siri katika kompyuta za makampuni matatu ya kugawa umeme walianza kufungua swichi za vituo kimoja baada ya kingine. Wafanyakazi wa chumba cha uendeshaji waliona kishale kikitembea kwenye skrini zao bila wao kushika kitu. Wateja kama 225,000 wakabaki gizani, katika majira ya baridi. Wavamizi hawakuishia hapo. Waliharibu hata vile visanduku vidogo vinavyobadilisha mawasiliano ya waya wa mfululizo yapite kwenye mtandao wa kompyuta, ili maagizo ya kurekebisha yasifike vituoni. Umeme ulirudi baada ya saa chache. Ulirudishwaje? Mafundi walipanda magari wakaenda vituoni, wakazifunga swichi kwa mikono. Kwa majuma mengi baadaye vituo hivyo viliendelea kuendeshwa kwa mikono, maana visanduku vilikuwa vimekufa. Kampuni ambayo ingekuwa imewaachisha kazi mafundi hao, na kung'oa mikono ya chuma ya swichi kwa kuwa "siku hizi kila kitu kiko kwenye kompyuta", ingekaa gizani muda gani?

Nchi hiyo hiyo, katika mji wa Lviv, Januari 2024, wavamizi walituma maagizo ya Modbus, hizi hizi namba tunazozizungumza, zikiwa zimepitishwa kwenye intaneti, kwa vidhibiti vya maji moto ya kupashia nyumba joto. Zaidi ya majengo 600 ya ghorofa yalikosa joto kwa karibu siku mbili, na nje baridi ilikuwa ya kugandisha maji. Hakuna kilichovunjwa kwa nyundo. Vidhibiti viliambiwa, vikatii.

Na kule Natanz, nchini Iran, ilivumbuliwa mwaka 2010 kwamba programu ya siri ilikuwa imebadilisha mwendo wa mashine za kuzungusha gesi ya urani mpaka zikaharibika, huku skrini za waendeshaji zikiendelea kuonyesha namba za siku njema zilizorekodiwa kabla. Siasa za kiwanda hicho si habari yetu hapa. Habari yetu ni yule mwendeshaji aliyekaa mbele ya skrini akaandika kwenye daftari lake "hali ni ya kawaida". Angeshitakiwa kwa uzembe, angejitetea kwa nini?

Nakuja basi kwenye namba na mishahara yetu, maana waya huu hauamuru mitambo tu. Pia huleta habari ofisini. Ndugu zetu wachumaji wa chai wameona mizani mpya za umeme zikija shambani. Mzani wa namna hiyo una tundu nyuma yake, mara nyingi la aina ile ya zamani ya RS-232, iliyoanza mwaka 1960, na kutoka hapo kilo zako husafiri kwenda kwenye mashine ya risiti au kompyuta ya karani. Kabla ya kusafiri, mzani hupunguza uzito wa kapu au gunia, na kiasi cha kupunguza kimewekwa na mtu. Kikiwekwa kilo mbili wakati gunia lina nusu kilo, mzani hauna kosa, karani hana kosa, na wewe umepoteza kilo moja na nusu kila unapopima. Kwa hiyo uso wa mzani umtazame mchumaji, usimtazame karani peke yake. Kwanza gunia tupu lipimwe mbele ya watu asubuhi, kisha kazi ianze. Jambo hili halihitaji mhandisi hata mmoja.

Kiwandani nako kuna mambo yanayofanana. Rejesta za kidhibiti hujaza mambo mengi: mtambo ulisimama saa ngapi, ulisimama dakika ngapi, joto lilikuwa kiasi gani. Dakika za kusimama zinasomwa haraka sana inapokuja kumkata mtu bonasi. Ikitokea ajali, tunaambiwa kumbukumbu hazipatikani, au fundi wa wauzaji ameondoka nazo. Halafu kuna hili la joto. Waya wa RS-485 unahitaji vikinzani vya omu 120 kwenye miisho yake miwili, na usilazwe sambamba na kebo nene za mota. Ukipuuzwa, habari hupotea njiani. Hapo skrini nyingi huendelea kuonyesha namba ya mwisho iliyofika, na mtu wa ofisini haoni kwamba namba hiyo ni ya nusu saa iliyopita. Nimemwona mtu wa kikaushio akikaripiwa kwa chai iliyoungua wakati geji ya kioo iliyokuwa ukutani ilisema wazi kwamba skrini imelala. Geji hiyo baadaye iliondolewa, ati ni ya kizamani. Geji za ukutani zisiondolewe. Zina manufaa kwa kuwa haziulizi waya.

Wapo watakaosema kwamba mimi napinga maendeleo. Nawajibu kwamba nimepanda ngazi ya boila usiku wa mvua kusoma kiwango cha maji, na sina hamu ya kuipanda tena. Kidhibiti kimetuondolea kazi nyingi za kuchosha na za hatari. Makabati ya rilei nayo yalikuwa na vifo vyake. Nani amesahau cheche zake? Tusidanganyane pia: mashine hizi zimepunguza nafasi za kazi mahali pengi, na makala moja haiwezi kulimaliza jambo hilo. Ninachokikataa ni mpango wa kutuachia sisi hatari na kuwaachia wao habari. Katika meza ya majadiliano vyama vyetu vimekuwa hodari kwa mishahara, kilo, posho na likizo, na ni haki. Lakini ni nadra kusikia katibu wa tawi akiomba mchoro wa nyaya. Mwajiri akileta mtambo mpya tunauliza utawaondoa watu wangapi. Ni swali zuri, ila tuulize pia: kitufe chekundu kinakata, au kinaomba?

Yafaa kitufe cha hatari kikate umeme moja kwa moja, bila kupita kwenye waya wa maagizo ya kawaida. Zipo itifaki nyingine zilizotengenezwa maalumu kwa usalama, kama PROFIsafe, ambazo hupimwa na kupewa vyeti, na sina ugomvi nazo. Mwajiri akisema anazo, aonyeshe cheti. Modbus ya kawaida si mojawapo yake. Vilevile kila mtambo unaoamriwa kutoka mbali uwe na swichi ya kuchagua "hapa" au "mbali" iliyo karibu na mtambo, yenye ufunguo, na ufunguo huo ushikwe na zamu. Swichi hiyo haichukui nafasi ya kufuli. Ni ya kazi ndogo ndogo za kila siku. Wauzaji wanaojiunganisha kutoka ng'ambo ili kurekebisha mpango wa mtambo wasifunguliwe njia mpaka msimamizi wa zamu awe ameambiwa na watu wametoka ndani ya mashine, na njia hiyo ifungwe wamalizapo. Nimeona viwanda ambamo njia hiyo huachwa wazi mwaka mzima kwa uvivu tu.

Kwa upande wa sheria hatuko mikono mitupu. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema mfanyakazi aliyejiondoa mahali pa kazi kwa sababu ya maana ya kuamini kwamba maisha au afya yake imo katika hatari kubwa na ya karibu, alindwe asiadhibiwe isivyo haki. Juni 2022 mkutano wa Shirika hilo uliweka usalama na afya kazini miongoni mwa haki za msingi, na mkataba huo ukawa mmoja wa mikataba ya msingi. Maana yake ni kwamba kila nchi mwanachama inapaswa kuiheshimu misingi yake, hata ile ambayo haijauridhia. Kwa hiyo fundi anayekataa kuingia chini ya feni ambayo swichi yake kuu haina kufuli hafanyi ukaidi. Msimamizi akimwandikia barua ya onyo, tawi liichukue barua hiyo likaijibu kwa jina la chama, asiachwe aijibu peke yake.

Najua pia kwamba katika mashamba mengi kufuli zenyewe hazipo stoo, na anayeziomba huambiwa asubiri bajeti. Kiwanda kinachoweza kununua skrini ya rangi kwa ajili ya meneja kinaweza kununua kufuli kumi.

Wajumbe wa kamati za usalama wanaweza kuanza bila kungoja mkataba mpya wa pamoja. Waombeni ofisi karatasi tatu kwa kila mtambo unaoendeshwa na kidhibiti: mchoro wa nyaya unaoonyesha kitufe chekundu kinaishia wapi, orodha ya namba za vyombo na rejesta zake, ambayo ikae karakana, isikae kwenye kompyuta ya muuzaji peke yake, na orodha ya watu na makampuni yenye njia ya kuuamuru mtambo kutoka mbali. Mkipewa, mfuateni fundi umeme mnayemwamini awasomee wote mkiwa pamoja, na mzitembelee swichi zenyewe moja moja, karatasi mkononi. Mkiambiwa kwamba karatasi hizo ziko kwa wauzaji, andikeni kwenye daftari la kamati tarehe, jina la aliyewajibu na maneno aliyosema, na wawili watie sahihi. Daftari hilo lisikae ofisini.